Miti mikubwa kupita kiasi katika Luanti: dalili, sababu na tiba

Luanti, mchezo huria wa kujenga kwa bloku ambao hadi mwaka 2024 uliitwa Minetest, umepata wapenzi wengi hapa Malindi na kule Lamu kwa sababu haudai kompyuta ya bei kubwa na unakubali kuchezwa hata kwenye simu. Anayejenga humo magofu ya Gede hataridhika na miti midogo inayokuja na mchezo, kwa kuwa magofu yale bila mibuyu na mikuyu iliyopenya kuta hayafanani na Gede. Na anayejenga Amu, Shela na Pate atataka mikoko iliyosimama majini. Hapo ndipo watu huanza kuongeza miti ya kwao, mikubwa kuliko yote iliyomo, na hapo ndipo malalamiko yaleyale huanza kurudi. Nimeyapanga kwa dalili, nikitanguliza sababu inayotokea mara nyingi zaidi na ukaguzi ulio rahisi zaidi. Majina ya bloku nitakayoyataja ni ya Minetest Game, yaani seti ya msingi ya bloku na kanuni inayochezwa juu ya Luanti, isipokuwa nikisema vinginevyo.

Kabla ya kugusa chochote

Funga mchezo, au uzime seva kama mnacheza wengi, kisha nakili folda nzima ya ulimwengu wenu iliyomo ndani ya folda ya worlds. Usinakili huku seva ikiendelea, kwa sababu faili ya map.sqlite inaweza kunakiliwa ikiwa katikati ya kuandikwa. Baada ya hapo anzisha ulimwengu mwingine mtupu wa majaribio, na humo ndimo miti ijaribiwe. Ulimwengu ambao watu wameujenga kwa miezi si mahali pa kujifunzia, na ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu dawa mojawapo nitakayoitaja baadaye hufuta majengo.

Dalili ya kwanza: miti haionekani kabisa

Sababu iliyozoeleka kuliko zote ni kwamba modi, yaani nyongeza ya mchezo iliyobeba miti yako, haijawashwa katika ulimwengu husika. Kuiweka kwenye folda ya mods hakutoshi. Fungua faili ya world.mt na uhakikishe kuna mstari unaoanza kwa load_mod_ ukifuatiwa na jina la modi, nao uwe na thamani ya true. Kama mstari upo, soma faili ya debug.txt kuanzia chini kwenda juu. Modi inayotegemea modi nyingine isiyokuwepo haipakiwi, na kwa kawaida faili hiyo hutaja kinachokosekana.

Sababu ya pili huwachanganya hata wenye uzoefu: unatafuta miti mahali ambapo ardhi ilikwisha kutengenezwa. Miti iliyosajiliwa kama pambo la ardhi, kwa register_decoration, huwekwa mara moja tu, pale mchezo unapoiumba sehemu hiyo ya ulimwengu kwa mara ya kwanza. Mtaa mlioujenga mwaka jana hautaota mbuyu hata mkiusubiri miaka. Tembea mbali, hadi mahali ambapo hakuna mchezaji aliyewahi kufika, uone kama miti ipo. Ikiwepo, modi haina kasoro. Ukitaka mti ndani ya mtaa wa zamani, uweke kwa mkono kwa kutumia WorldEdit, modi ya kuhariri ulimwengu, na amri ya //mtschemplace. Ipo pia amri ya /deleteblocks, ambayo hufuta eneo ili liumbwe upya likiwa na miti, lakini amri hiyo haibagui: nyumba, masanduku na vilivyomo vyote huondoka. Isitumike katika eneo lenye jengo la mtu.

Sababu ya tatu ni ardhi isiyolingana na maagizo. Kipengele cha place_on hutaja bloku ambayo mti utaota juu yake, na jina likikosewa hata herufi moja mti hautaota, wala hutapata onyo la kueleweka. Kwenye savana, ambako ndiko mibuyu mingi huwekwa, uso wa ardhi katika matoleo ya sasa ya Minetest Game ni default:dry_dirt_with_dry_grass, ilhali modi za zamani bado zinataja default:dirt_with_dry_grass. Anayecheza VoxeLibre, seti nyingine inayochezwa juu ya Luanti, naye atafute majina yanayoanza kwa mcl_core, maana humo hakuna modi ya default. Zaidi ya hayo, ulimwengu ulioanzishwa kwa muumbaji wa ardhi wa v6 hautumii mfumo wa kawaida wa maeneo ya kimazingira, kwa hiyo savana unayoiwazia haimo humo.

La mwisho ni uchache. Thamani ya fill_ratio ikiwa 0.0001, eneo la bloku 80 kwa 80, yaani bloku 6,400, litapata wastani wa mti 0.64, na hiyo ni takriban miti miwili katika kila maeneo matatu. Ukiongeza sufuri moja, utatembea sana kabla ya kuuona mti wa kwanza. Kwa majaribio, pandisha thamani, uone kama miti inatokea, kisha uishushe.

Dalili ya pili: mti umekatwa kama kwa msumeno

Hili ndilo lalamiko kubwa, na ndilo ambalo watu hulikabili vibaya zaidi, kwa kuhariri muundo wa mti ambao hauna kosa lolote. Ili kulielewa ni lazima kujua vipimo ambavyo mchezo unavitumia.

Luanti haiumbi ulimwengu wote kwa pamoja. Huuumba kwa vipande vya mchemraba, kila kipande kikiwa na bloku 80 kila upande, na wakati wa kuumba kipande kimoja huruhusiwa kuandika pia katika ukingo wa bloku 16 unaokizunguka pande zote, juu na chini. Nje ya ukingo huo hakuna kinachoandikwa. Ni sawa na fundi wa kanzu aliyepewa kitambaa kifupi: hukata pale kitambaa kinapoishia, hata kama mkono haujatimia.

Vipande havianzii kwenye sufuri. Kwa kila mhimili, kipande cha katikati huanzia -32 na kuishia 47, kinachofuata huanzia 48 na kuishia 127, na kuendelea hivyo. Kwa upande wa kimo hii ina maana kwamba mti uliootea kwenye kipande cha usawa wa bahari hauwezi kupita kimo cha 63, ambacho ni 47 kuongeza ukingo wa 16. Mti wa urefu wa bloku 50 ulioota kwenye kimo cha 5 utakamilika. Mti huohuo ukiota kwenye kilima cha kimo cha 30 utakatwa kichwa, na mwenzake aliyeota kwenye kimo cha 48, hatua chache tu juu ya mwingine aliyekatwa karibu na kiuno, utakuwa mzima, kwa sababu umeingia katika kipande kipya chenye nafasi hadi 143. Mtu asiyejua vipimo hivi ataona ni uchawi.

Kwa hiyo kagua kwanza aina ya mkato. Bonyeza F5 ili kuona viwianishi, simama kwenye uso wa mkato, kisha nenda kwenye mti mwingine uliokatwa ufanye vilevile.

Iwapo miti yote imekatwa mahali pamoja ikipimwa kutoka kwenye shina lake, kwa mfano yote inaishia bloku ya 28 kutoka ardhini bila kujali iko bondeni au kilimani, kosa limo kwenye faili ya muundo yenye mkia wa .mts. Aliyeihifadhi kwa //mtschemcreate hakuzungushia alama zake mti mzima. Rudi kwenye mti wa asili, weka alama upya zipite kilele na ncha za matawi, uhifadhi tena.

Iwapo miti imekatwa kwenye kimo kimoja cha ulimwengu, na hasa karibu na 63 au 143, tatizo ni vipande. Dawa nyepesi ni kuubana mti usiote pasipoufaa, kwa kutumia y_max. Chukua 63, toa urefu wa mti, na uache angalau bloku moja ya ziada; mti wa bloku 50 upewe y_min ya 1 na y_max isiyozidi 12. Kama unautaka pia vilimani, usajili mara ya pili kwa y_min ya 48 na y_max ya 92. Hata watunzi wa Minetest Game hufanya hivi: mti wao mrefu wa msituni una urefu wa bloku 32, nao wameufungia usiote juu ya kimo cha 32. Kwa sisi wa pwani kizuizi hiki hakina hasara kubwa, kwa kuwa maji katika mchezo yako kwenye kimo cha 1 na miti tunayoitaka iko jirani nayo.

Iwapo mkato umesimama wima, kana kwamba ukuta wa kioo umepita katikati ya matawi, tatizo ni lilelile upande wa upana. Mwavuli wa majani wenye nusu kipenyo cha bloku 16 au pungufu hauwezi kukatwa popote uotapo. Ukifika 20, hukatwa pale shina linapokuwa ndani ya bloku nne za mwisho za kipande, na ukipiga hesabu ya eneo utakuta ni takriban mti mmoja katika kila mitano. Ndiyo maana watu husema miti mingi ni mizima ila michache ina kasoro, wakadhani kosa ni la bahati mbaya. Hapa y_max haisaidii. Ama punguza upana, ama utumie njia nzito ifuatayo.

Njia yenyewe ni kutouweka mti mzima wakati wa kuumba ardhi, bali kuweka bloku moja tu ya mche, kisha mti usimamishwe baadaye wakati ardhi yote ya jirani ipo tayari. Sajili mche kama pambo. Sajili LBM, yaani kazi inayoendeshwa bloku fulani inapopakiwa, yenye run_at_every_load ya true itakayouona mche mara eneo linapoamka. LBM hiyo iite core.emerge_area kwa eneo lote ambalo mti utalifunika. Na pale calls_remaining, hesabu ya sehemu zilizobaki kuumbwa, inapofika sufuri ndipo uite core.place_schematic. Usitegemee on_construct iwashe saa ya mche, kwa kuwa bloku zinazowekwa na muumbaji wa ardhi hazipitii huko, na mche utabaki mche. Njia hii inaondoa mikato yote, lakini inaidai kompyuta kuumba ardhi nyingi kwa mpigo. Kama hujawahi kuandika Lua, lugha ya modi hizi, usiijaribu kwenye seva ya watu; tafuta anayeijua akuandikie.

Kabla hatujaacha dalili hii: mbuyu wa kweli kwa kawaida hauzidi mita 25, na bloku moja ya Luanti huhesabiwa kuwa mita moja. Anayeiga mibuyu ya Gede kwa vipimo vyake halisi hatakutana na mikato ya kimo ila vilimani. Wanaokatwa sana ni wenye mibuyu ya hadithi, ile ya bloku 60, na sina ugomvi nao, mradi wapige hesabu.

Dalili ya tatu: mti unaelea, umezikwa, au umechimba shimo

Mti unaoelea kwenye mteremko hutokea kwa sababu shina nene hulala juu ya bloku moja ya ardhi huku upande wa pili ardhi ikiwa imeshuka. Ongeza kwenye muundo tabaka nne au tano za shina chini ya usawa wa ardhi, na weka place_offset_y ya -4 au -5. Lakini hapo wengi hushangaa kuona mizizi waliyoiongeza haionekani. Kanuni ni kwamba muundo unaowekwa bila kulazimishwa hujaza hewa tu. Ukikuta udongo, jiwe au maji, huacha vilivyo. Bloku za mizizi zinahitaji kila moja alama ya force_place ndani ya muundo.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayoharibu mikoko. Ukiuweka mkoko kwenye maeneo ya kimazingira ya savanna_shore au rainforest_swamp, ambako ardhi iko kwenye kimo cha -1 hadi 0, mizizi yake inayoshuka majini haitawekwa kwa sababu mahali pake pana maji, na mti utasimama juu ya maji bila miguu. Tia force_place kwenye kila bloku ya mizizi, na mkoko utasimama ipasavyo.

Baadhi ya watu huchoka na kazi ya bloku mojamoja wakaweka force_placement kwa muundo mzima. Matokeo yake ni shimo la mraba kuzunguka mti, na wakati mwingine nusu ya mti wa jirani kutoweka, kwa kuwa hewa iliyohifadhiwa ndani ya muundo nayo imelazimishwa. Kama huna budi kutumia alama hiyo, hakikisha bloku zote za hewa katika muundo zina uwezekano wa sufuri.

Mti uliokaa upande, ambao kona yake ndiyo iko mahali ambapo shina lilitakiwa, unakosa place_center_x na place_center_z katika flags.

Dalili ya nne: majani hayafi, au yanakufa yasipotakiwa

Mchezaji anakata shina lote, anabaki na wingu la majani hewani. Au anakata tawi moja na robo ya mti inanyonyoka. Malalamiko haya mawili hupingana, lakini yana chanzo kimoja.

Katika Minetest Game, bloku ya shina inapoondolewa, mchezo huyatazama majani yaliyo ndani ya umbali uliosajiliwa kwa aina hiyo ya mti, ambao ni bloku 2 au 3 tu, kisha huyapa saa ya sekunde 2 hadi 12. Saa ikiisha, jani lisilo na shina ndani ya umbali huo hudondoka. Kwa mti wa kawaida hili linatosha. Kwa mti ambao majani yake yako bloku kumi kutoka kwenye shina, majani ya mbali hayaguswi kabisa, na ya karibu yaliyotegemea tawi moja hunyonyoka kwa pamoja.

Rekebisho la haraka ni kupitisha matawi ya bloku za shina ndani ya mwavuli, ili pasiwe na jani lililo mbali zaidi ya bloku 3 kutoka kwenye tawi. Mti huonekana wa kweli zaidi pia. Rekebisho la kudumu ni kuwa na bloku zako mwenyewe za shina na majani, uzisajili kwa default.register_leafdecay pamoja na radius (umbali wa ukaguzi) unayoitaka. Usizidishe sana, maana radius ya 3 hukagua bloku 343 kwa kila shina linaloondolewa, na radius ya 8 hukagua 4,913.

Kuna sababu nyingine ambayo hutaiona kwa macho. Jani lililowekwa kwa mkono na mchezaji hupewa param2, namba ya ziada inayohifadhiwa na bloku, ya 1, ili wigo wa bustani ya mtu usidondoke. Ukiujenga mti wako kwa mkono, jani kwa jani, kisha ukauhifadhi kuwa muundo, kila nakala itakayoota itabeba alama hiyo na majani yake hayatakufa kamwe. Badilisha param2 iwe 0 kabla ya kuhifadhi. Wenye miundo iliyokwisha kusambaa watalazimika kuihifadhi upya, kisha kuanzisha seva upya.

Hilo la kuanzisha upya lina uzito wake. Faili ya muundo ikishasomwa mara moja, mchezo huikumbuka hadi uzimwe. Anayelalamika kwamba amebadilisha mti lakini bado unatoka ule wa zamani kwa kawaida hajazima seva.

Dalili ya tano: mchezo unakwama

Kwanza tofautisha: je, kinachokwama ni picha kwenye kiwambo chako peke yako, au wachezaji wote wanasimama kwa pamoja? Kama ni wewe peke yako, weka leaves_style iwe opaque badala ya fancy na upunguze viewing_range, ambayo kwa kawaida ni 190. Kwenye simu na laptopu kuukuu, mabadiliko haya mawili humaliza tatizo mara nyingi.

Kama wote wanasimama, mti wenyewe una bloku nyingi mno. Mwavuli wa duara wenye nusu kipenyo cha 10 una bloku 4,200 hivi; ukifanya 20, zinafika 33,500, yaani mara nane. Ukiacha tabaka tatu za nje tu na kuuwacha ndani utupu, zinashuka hadi 13,000 hivi, na aliye chini ya mti hataiona tofauti. Kagua pia msimbo wa modi: ukikuta set_node ndani ya mizunguko mitatu, hapo ndipo muda unapopotelea, na kazi hiyo ihamishiwe kwenye VoxelManip, inayoandika bloku nyingi kwa mpigo.

Mabaka ya giza chini ya miti iliyowekwa na modi hutibiwa kwa amri ya /fixlight here 50, inayohitaji ruhusa ya server. Yakirudi kwa kila mti mpya, msimbo unakosa calc_lighting.

Dalili ya sita: mche haukui

Subiri kwanza. Mche wa Minetest Game huchukua kati ya sekunde 300 na 1,500, yaani hadi dakika 25, na hauoti penye mwanga ulio chini ya 13. Chini ya mwavuli wa mbuyu mkubwa hakuna mwanga huo mchana kutwa.

Mche ukigoma kuwekwa, huenda eneo lina ulinzi wa mchezaji mwingine. Usiuzime ulinzi huo. Badala yake hakikisha modi yako inatumia default.sapling_on_place na kuipa vipimo halisi vya mti uliokomaa, kwa sababu modi inayopima bloku moja tu ya mche itakuruhusu kupanda mbuyu ambao nusu saa baadaye matawi yake yako sebuleni kwa jirani, na ugomvi wa namna hiyo umewahi kuvunja seva nzima.

Dalili ya saba: bloku za ajabu zilizoandikwa unknown node

Modi imeondolewa au imebadilishwa jina. Irudishe, au andika modi ndogo yenye core.register_alias inayoelekeza jina la zamani kwenye bloku iliyopo, kwa mfano gogo la mbuyu lielekezwe kwenye default:tree. Usizichimbe moja moja. Alias huzirudisha zote.

Dalili ya nane: ulimwengu haufunguki

Soma mwisho wa debug.txt. Ukikuta jina la faili ya modi na namba ya mstari, mfano init.lua ikifuatwa na 47, ni kosa la uandishi. Zima modi hiyo katika world.mt na ulimwengu utafunguka.

Ukikuta maneno "database disk image is malformed", acha hapo hapo. Huu ni uharibifu wa map.sqlite, na huku kwetu hutokea zaidi baada ya umeme kukatika seva ikiwa inaandika ardhi nyingi, jambo ambalo miti mikubwa hulizidisha. Usiendelee kuufungua ulimwengu ukitumaini utajirekebisha. Usifute faili ya map.sqlite-journal ukidhani ni takataka, kwa kuwa ndiyo inayobeba kinachohitajika kuirudisha hifadhi katika hali yake. Nakili folda nzima kama ilivyo kwenye diski nyingine, kisha, kama unayo nakala ya siku zilizopita, itumie hiyo. Kama hunayo, mpelekee anayefahamu SQLite ile nakala, si diski ya asili.

Mashine inayojizima yenyewe kila miti inapoanza kuumbwa haina tatizo la modi. Wakati wa kaskazi, chumba kikiwa na joto na feni ya laptopu ikiwa imejaa vumbi lililoshikana kwa hewa ya chumvi, kazi nzito kama hii huipandisha moto hadi ikazimika. Izime, iache ipoe, umwite fundi aifungue na kuisafisha. Ukisikia diski ikigonga, au ukiona kibodi imeinuka katikati kwa sababu betri iliyo chini yake imevimba, chomoa umeme, usiibonyeze wala usiitoboe betri, na usiiwashe tena mashine mpaka fundi aione.